Mpima, hiyo mashine yako inaongea na nani? Maswali ninayoulizwa kila siku kazini Tanga

Napima viwanja na mashamba mkoani Tanga, na maswali ni yale yale, niwe Ngamiani barabara ya kumi na ngapi au ndani kabisa kwenye michungwa ya Muheza. Nimeyaandika kwa mpangilio ninaoulizwa, ambao si wa darasani. Wengi huanza na mashine na kumalizia kwa jirani.

Hiyo mashine inaongea na setilaiti?

Hapana, inasikiliza tu. Ni kama redio. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu, na kila moja inatangaza mfululizo mambo mawili: ni saa ngapi kwake na iko wapi. Risiva yangu, yaani hiyo mashine, inaangalia tangazo limechelewa kiasi gani kufika, halafu inageuza muda huo kuwa umbali. Mawimbi hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umbali umekosewa sentimita 30. Ndiyo maana setilaiti hubeba saa za atomu.

Risiva yangu haina saa ya namna hiyo, ina saa ya kawaida tu. Kwa hiyo setilaiti tatu za kutafuta mahali hazitoshi. Inahitajika ya nne ili risiva ijue saa yake yenyewe imekosea kiasi gani.

Wenzetu wengine nao wamerusha za kwao: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya, BeiDou ya China. Jina la jumla ni GNSS, lakini huku kila mtu anasema GPS, nami nasema hivyo hivyo. Na bando likiisha, kusikiliza setilaiti hakukatiki. Bando natumia pale tu ninapopokea masahihisho kwa intaneti.

Simu yangu ina GPS. Nikulipe ya nini?

Ukisimama uwanjani mbingu zikiwa wazi, simu ya kawaida inakosea kama mita tano. Kwa kutafuta shamba la shemeji Pongwe inatosha na inazidi. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20, mita tano ni chumba kizima na korido yake.

Simu inasikiliza maneno ya tangazo. Risiva ya upimaji inahesabu mawimbi yenyewe yaliyobeba tangazo hilo, na wimbi moja la masafa ya kwanza ya GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi. Ukijua ni mawimbi mangapi kamili yapo kati yako na setilaiti, na kipande cha mwisho ni sehemu gani ya wimbi, umefika kwenye sentimita. Shida ni kuijua hiyo idadi kamili. Kwa hiyo tunatumia risiva mbili. Moja, besi, inakaa juu ya pointi inayojulikana. Nyingine, rova, natembea nayo. Makosa ya angani yanazipata zote mbili kwa namna moja, basi besi inaijulisha rova imepotoshwa kiasi gani. Hapo tunapata sentimita moja hadi mbili.

Lakini ikiwa besi imewekwa juu ya pointi ya kubahatisha, rova itakupa sentimita mbili kutoka mahali pasipojulikana. Namba zitapendeza machoni na kiwanja kitakuwa kwa mwingine. Ukimwona mpima anatega besi pembeni ya gari lake bila kutafuta pointi yoyote ya zamani, muulize: "Hapo uliposimama, umepajuaje?"

Nimeingiza koodineti za plani ya marehemu baba kwenye simu, kiwanja kimeangukia baharini. Tumeibiwa?

Hamjaibiwa. Plani, yaani mchoro wa upimaji, na simu zinatumia mifumo miwili tofauti.

Koodineti ni kipimo kutoka mahali fulani, juu ya umbo fulani la dunia. Plani nyingi za zamani nchini ziko kwenye mfumo unaoitwa Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo la dunia la Clarke la mwaka 1880 na mtandao wa pembetatu ulioanzia Buffelsfontein, Afrika Kusini. Simu yako inatumia WGS84, mfumo wa GPS. Hapa Tanga mifumo hii miwili inapishana kama mita 300 kwa kaskazini na kusini, na karibu mita 90 kwa mashariki na magharibi. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazipa simu kana kwamba ni zake, simu itakupeleka mita 300 kaskazini ya mahali pako halisi na 90 magharibi. Kwa mwenye kiwanja Raskazone upande wa ghuba, kaskazini ni maji. Kiwanja kinaogelea.

Mtego wenyewe ni kwamba namba za mifumo yote miwili zinafanana sura. Chukua plani yako usome. Kwenye gridi ya UTM, miraba ya ramani inayohesabiwa kwa mita, kanda ya 37 Kusini, mstari wa longitudo 39 umepewa namba 500,000, na mstari huo unapita karibu na Pangani mjini. Tanga mjini iko kilomita kama 11 mashariki ya mstari, ndiyo maana namba yako ya mashariki inaanzia 51 hivi. Ikweta imepewa 10,000,000, nasi tuko kilomita 560 kusini yake, ndiyo maana namba ya kaskazini inaanza na 943 au 944. Mita 300 ndani ya namba ndefu kama hizo nani ataziona kwa macho?

Nami sikuziona. Nilipokuwa kijana kazini nilitumwa Muheza kufufua bikoni, yaani alama za mpaka, za shamba moja. Nilikuwa na GPS ya mkononi na plani ya zamani, nikaingiza namba bila kuangalia mfumo. Nikachimba shimo la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna. La tatu, nikaung'oa mchungwa mchanga kabisa. Mwenye shamba alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, anamenya chungwa, ananitazama. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, unatafuta jiwe au unanichimbia kisima?" Nikamweleza. Akanyanyuka, tukatembea kupita vichochoro vya michungwa hadi njia panda, akafagia majani kwa mguu: bikoni ya zege, imeegemea kidogo, namba bado zinasomeka. Mchungwa ule niliulipia kwa posho yangu.

Sasa hivi taifa lina mfumo mpya, TAREF11, unaokaribiana sana na ule wa setilaiti. Kazi ni kuvusha plani za zamani kwenda huko. Programu nyingi zina tarakimu za kuvushia, lakini ni za wastani wa nchi nzima na zinaweza kuacha mita kadhaa. Mimi natafuta bikoni za zamani zisizopungua tatu karibu na eneo, nazipima kwa risiva, nalinganisha na plani, ndipo najua mahali pale panapishana kiasi gani.

Kwa nini hutaki kupima chini ya mwembe?

Kwa sababu mwembe unakula mawimbi. Michungwa ya Muheza angalau ni mifupi. Na mabati ni mabaya kuliko mwembe, maana mwembe unazuia lakini bati linadanganya: mawimbi yanaligonga bati yakarudi kwenye antena kwa njia ndefu, na risiva inadhani setilaiti iko mbali zaidi. Lori lililoegeshwa hufanya vile vile. Mwambie dereva asogee.

Kwenye kioo cha rova kuna neno moja ninalolitazama kabla ya jingine lolote. Likisema *fixed*, idadi ya mawimbi imepatikana. Likisema *float*, bado inakisia, na kosa linaweza kuwa nusu mita. Kuna wapima wanaorekodi tu, jua linawaka, mteja ana haraka. Nami hata ikisema *fixed* siamini mara moja. Naizima, natembea, narudi baada ya muda kupima tena, maana setilaiti zitakuwa zimehama na kosa la awali halitarudi kwa sura ile ile.

Halafu kuna jambo wenzetu wa Ulaya hawalijui sana. Mamia ya kilomita juu yetu kuna tabaka la chembe zenye umeme, ayonosfia, na katika ukanda huu wa karibu na ikweta huvurugika sana baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi na Septemba. Mawimbi yanamemetuka kama nyota zinavyomemetuka. Nimewahi kuwa Mwambani, mbingu nyeupe, setilaiti zaidi ya ishirini kwenye kioo, saa mbili usiku, na rova ikagoma kabisa kushika. Tulifungasha. Asubuhi saa moja ilishika ndani ya sekunde kumi.

Kabla ya setilaiti walijuaje mahali?

Kwa njia ile ile. Setilaiti ni nyota tuliyojitengenezea. Unahitaji kitu angani ambacho unajua kiko wapi, na saa unayoiamini. Wazee wetu wa shamba walikuwa na Kilimia, kundi la nyota: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wapima walikuwa na tiodolaiti, chombo cha kupimia pembe, na kitabu cha hesabu za nyota.

Latitudo ni rahisi kwa maneno: kimo cha ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kupazunguka, juu ya upeo wa macho ndiyo latitudo yako. Wa kaskazini wana nyota ya Polaris karibu na ncha yao. Sisi tuko digrii 5 kusini, hivyo Polaris iko chini ya upeo wetu usiku kucha, mwaka mzima. Ncha ya kusini nayo iko digrii 5 tu juu, kwenye ukungu wa upeo, na haina nyota yoyote ya maana karibu. Ikabidi watumie nyota zinazopita juu kabisa, moja upande wa kaskazini na mwenzake upande wa kusini, ili makosa ya hewa yafutane.

Longitudo ndiyo ilikuwa mzigo, maana longitudo ni saa. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa. Saa yako ikikosea sekunde moja tu, umejihamisha mita kama 460. Walibeba saa za mabaharia, baadaye wakategemea telegrafu ya waya, na baadaye tena milio ya redio.

Usahihi wake? Sekunde moja ya pembe ya latitudo ni mita 31 hivi ardhini. Kwa hiyo nyota hazikuweka bikoni ya kiwanja cha mtu. Zilitoa mahali pa kuanzia na uelekeo, kisha pembetatu na minyororo ya kupimia vikafanya mengine. Mtu akikwambia mpaka wa shamba lake la mkonge ulipimwa kwa nyota, mwulize alikuwa na nia ya kuuza?

Kulikuwa na udhia mwingine. Tiodolaiti inasimama wima kwa kufuata timazi, na timazi inavutwa na milima. Usambara, wenye vilele vya zaidi ya mita 2,000, unaivuta timazi kwake kidogo sana, ila sekunde tano za pembe tayari ni zaidi ya mita 150. Ndiyo maana latitudo ya nyota na ya setilaiti haziwi sawa hata kama wote wawili wamepima bila kosa. Setilaiti haijali timazi.

Katikati ya nyota na GPS kulikuwa na Transit, setilaiti za Jeshi la Majini la Marekani zilizoanza kazi mwaka 1964. Mpima alikaa siku kadhaa kwenye pointi moja kusubiri zipite. GPS ilikamilika mwaka 1995, na hadi Mei 2000 Wamarekani waliichafua kwa makusudi kwa watumiaji wa kiraia.

Kwa hiyo jua na nyota vimestaafu?

Kwangu, nyota ndiyo. Jua bado.

Chukua msitu wa Amani. Miti imefunga, rova haioni anga. Mdomoni mwa msitu napata uwazi mdogo wa kuweka pointi mbili za GPS, mita 40 tu kati yao. Kila pointi ina kosa lake dogo, tuseme jumla sentimita mbili kwa ubavu. Nikichukua uelekeo kutoka pointi hizo nikaingia msituni kilomita mbili kwa tiodolaiti, zile sentimita mbili zimekuwa mita moja. Hapo namgeukia jua.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi saa mbili hadi tatu, au alasiri kuanzia saa kumi, jua likiwa chini kiasi. Natega juu ya bikoni, nalenga bikoni ya pili, nasoma. Halafu nageukia jua, ila sitazami ndani ya lenzi kamwe bila kioo cheusi, jicho linakwenda mara moja. Mara nyingi nashika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi, na jua linajichora pale kama sarafu yenye mistari miwili. Linatembea mbele ya macho yako: linapita upana wake wote kwa dakika mbili. Ukingo ukigusa mstari napiga kelele "Shika!" na msaidizi anaandika saa hadi sekunde. Narudia kwa ukingo wa pili, nageuza tiodolaiti, narudia tena. Kwa mahesabu napata uelekeo wenye kosa la nusu dakika ya pembe, ambalo kwa kilomita mbili ni sentimita kama 30. Saa naipata wapi? Kwenye GPS. Siku hizi mpinzani ndiye anayemshikia mwenzake saa.

Adhuhuri usijaribu. Karibu na tarehe 8 Machi na 6 Oktoba jua linapita utosini mwa Tanga na nguzo iliyo wima haina kivuli. Kwa saa zetu hutokea saa 6 na dakika 35 mwezi Machi, na saa 6 na dakika 12 mwezi Oktoba. Saa ya Afrika Mashariki ni ya longitudo 45 na sisi tuko 39, basi jua hutuchelewa.

Tunajenga msikiti. Unaweza kutuwekea kibla?

Naweza, na kwa Tanga ni kazi nyepesi. Makka iko karibu na longitudo 40, sisi 39, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini ya kweli ikiwa imeegemea mashariki digrii moja na nusu tu. Dira ya mkononi usiiamini mbele ya nondo na mabati, nimeshaiona ikizunguka kama mlevi.

Mkitaka kujihakikishia wenyewe bila kunilipa, subirini tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, au 16 Julai saa 6 na dakika 27. Wakati huo jua liko juu ya Makka. Simamisheni fito ya mita moja kwa timazi. Itatoa kivuli cha nusu mita kuelekea kusini. Mstari kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye fito ndio kibla. Siku moja mbele au nyuma haiharibu kitu. Mei ni masika, mawingu mengi, hivyo Julai ni salama zaidi.

Mbona mashine inasema niko chini ya bahari?

Kwa sababu inapima urefu kutoka umbo la dunia la kimahesabu, na bahari haijalifuata umbo hilo. Kwenye pwani yetu usawa wa bahari uko mita zaidi ya ishirini chini yake. Simama ufukweni Raskazone, risiva itaandika hasi ishirini na kitu na miguu yako mikavu. Simu nyingi hurekebisha kimya kimya. Kwa mtaro wa maji ya mvua tumia leveli, chombo cha kupimia usawa, au angalau fundi wako akueleze amerekebisha vipi. Maji hayasomi GPS.

Tepu inasema mita 100, koodineti zinasema 99.96. Nani mwongo?

Hakuna. Gridi ya UTM hubanwa makusudi karibu na mstari wake wa katikati, nasi tumekaa karibu na mstari huo. Kila mita 100 inapungua sentimita nne kwenye gridi. Anayelipia uzio alipie wa tepu.

Ni kweli ardhi inatembea?

Kweli. Tanga yote inasogea kaskazini-mashariki kama sentimita tatu kwa mwaka. Jirani yako naye anasogea, kwa hiyo usimshitaki. Inatuhusu sisi tunaounganisha vipimo vya miaka tofauti na setilaiti.

GPS ikionyesha hapa na bikoni iko pale, tunafuata ipi?

Bikoni, ikiwa ni ile ya asili na haijaguswa. Namba ziliandikwa kueleza mahali jiwe lilipo, na jiwe ndilo watu waliloonyeshana. Tofauti ikiwa sentimita kadhaa, naacha jiwe na naandika nilichokipima. Ikiwa mita, nachimba na kuuliza kabla ya kusema neno. Na hata nikimaliza, kazi yangu haiwi mpaka hadi plani iidhinishwe na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani.

Mwaka jana Pongwe rova ilinipeleka hadi kwenye pipa la maji la bibi mmoja. Nikamwomba tulisogeze. "Lisogeze tu, mjukuu wangu, lakini ulirudishe. Hapo ndipo palipo sawa, halichezi." Tukalimwaga nusu, tukalisukuma. Chini yake bikoni, safi, imekaa wima, sentimita tatu kutoka kwa namba zangu. Nikapima, nikapiga picha, tukarudisha pipa juu yake.